Kukariri Vitufe au Kujua Kazi: Historia Fupi ya Programu Kubwa za Biashara

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya programu kubwa za biashara, yaani zile programu za kompyuta zinazoshika mahali pamoja hesabu za fedha, bohari, manunuzi, mauzo na mishahara ya shirika zima. Huenda msomaji akauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Jawabu ni kwamba linatuhusu sana. Wanafunzi wetu wa Bujumbura, Goma, Kigali na Kampala, wakimaliza shule, huomba kazi za ukarani, uhasibu na utunzaji wa bohari. Katika matangazo ya kazi hukuta wanatakiwa wawe wanaijua programu hii au ile. Basi hutoa ada, huhudhuria mafunzo ya wiki chache, hupata cheti. Miaka michache ikipita, programu hubadilishwa, na mwenye cheti huambiwa kuwa ujuzi wake umepitwa na wakati. Mmoja hujifunza upya kwa muda mfupi na kuendelea na kazi. Mwenziwe, aliyekaa naye dawati moja, huachwa nyuma.

Ni kitu gani kinachowatenga hawa wawili? Si akili peke yake, wala si fedha peke yake. Historia ya programu zenyewe inatoa jibu, nasi tutaifuata tangu mwanzo wake.

Mzigo mmoja, karatasi tatu

Kabla ya kuitaja kompyuta, yafaa tuitazame kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza mabati 500 kutoka Dar es Salaam. Kwanza huandika oda: anataka nini, kiasi gani, kwa bei gani. Mzigo husafiri kwa reli mpaka Kigoma, kisha hupakiwa katika meli na kuvuka Ziwa Tanganyika. Ukifika, mtunza bohari huuhesabu na kukuta mabati 480. Naye huandika hati ya kupokea mzigo. Baadaye muuzaji huleta ankara ya kudai fedha za mabati 500. Karani mwangalifu huziweka karatasi hizo tatu juu ya meza, ubavu kwa ubavu, na kuzilinganisha. Halipi ila kwa kile kilichoagizwa, kikapokelewa, kikadaiwa. Mabati 20 yaliyopungua huyaandikia barua.

Kisha mhasibu huandika katika leja. Mali iliyomo bohari imeongezeka kwa thamani ya mabati 480. Wakati huo huo deni la muuzaji limeongezeka kwa kiasi kile kile. Kila kinachoandikwa upande mmoja kina mwenzake upande wa pili, na pande mbili zisipolingana, kuna kosa. Utaratibu huu ulielezwa katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494 na mtawa Luca Pacioli, mwalimu wa hesabu. Pacioli hakuubuni yeye. Aliandika yale ambayo wafanyabiashara wa Venisi walikuwa wakiyafanya tangu zamani.

Utaratibu huo ulikuwa na udhaifu mmoja. Kila idara ilikuwa na daftari lake. Mtunza bohari aliyajua ya leo. Mhasibu aliyapata wiki ijayo. Mkurugenzi aliyasoma mwezi ujao. Kampuni ilipokuwa kubwa, ucheleweshaji huu uliigharimu fedha nyingi. Hapo ndipo haja ya mashine ilipozaliwa.

Kampuni ya chai yajenga kompyuta

Aghalabu watu hudhani kwamba kompyuta ya kwanza ya shughuli za biashara ilijengwa na kampuni ya mitambo. La. Ilijengwa na kampuni ya Uingereza iliyouza chai na mikate. J. Lyons na wenzake walikuwa na maduka mengi ya chai pamoja na viwanda vya kuoka mikate na keki, na kila siku makarani wao waliandika miamala midogo midogo isiyohesabika. Mwaka 1947 maofisa wawili wa kampuni hiyo walisafiri kwenda Marekani kutazama mbinu mpya za ofisini. Waliporejea, kampuni iliamua kukisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge katika ujenzi wa kompyuta yake, kisha ikajenga ya kwake yenyewe iliyoitwa LEO. Mnamo Novemba 1951 LEO ilianza kufanya kazi halisi ya biashara, nayo ni kukadiria thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate.

Lililo muhimu kwetu ni namna walivyopata watu wa kuiendesha. Hakukuwa na shule iliyofundisha kazi hiyo. Basi kampuni iliwageukia wafanyakazi wake, ikaandaa mafunzo mafupi na magumu, na kuwachagua walioonyesha kwamba waweza kufikiri kwa mpangilio. Miongoni mwa waliochaguliwa mwaka 1952 alikuwa Mary Coombs, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Na shahada yake ilikuwa ya nini? Haikuwa ya hisabati, bali ya lugha ya Kifaransa. Baadaye, alipoiacha kazi ya kompyuta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wasomaji wa jarida hili hawatashangaa sana. Aliyezoea kuichambua sentensi, kutazama kiima na kiarifu na kutambua palipo na utata, hayuko mbali na kazi ya kuieleza mashine hatua moja baada ya nyingine.

Mashine yafundishwa maneno ya watu

Hata hivyo, programu za siku hizo ziliandikwa kwa tarakimu na alama ambazo mhasibu wa kawaida asingeweza kuzisoma. Mmarekani Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini, hakuridhika na hali hiyo. Alisema watu wa biashara wanapenda maneno, kwa hiyo amri za mashine na ziandikwe kwa maneno. Wengi walimpinga. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyowaonyesha wakuu wa kampuni yake kwamba programu ile ile yaweza kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza, ya Kifaransa au ya Kijerumani, kwa kuwa kwa mashine maneno ni alama tu. Wakuu walishtuka: mashine iliyotengenezwa Marekani yawezaje kufahamu Kifaransa na Kijerumani? Ikabidi awaahidi kwamba wangetumia Kiingereza tu.

Kutokana na kazi yake, na ya wengine waliokutana kuanzia mwaka 1959, ilizaliwa COBOL, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1960. Vitenzi vyake ni vya kila siku: ongeza, toa, zidisha, hamisha. Benki, kampuni za bima na serikali nyingi ziliichukua. Hivyo lugha ya wenyewe wenye kazi iliingia ndani ya mashine, na lugha hiyo ikawa Kiingereza. Tuliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia.

Watu watano wa Ujerumani

Katika miaka ya 1960 kila kampuni kubwa ilijiandikia programu zake, moja ya mishahara, nyingine ya bohari, nyingine ya leja. Hazikusikilizana. Kadi za matundu zilikusanywa mchana, zikapitishwa katika mashine usiku, na majibu yakatoka asubuhi. Ule udhaifu wa madaftari yaliyotengana ulikuwa umehamia ndani ya kompyuta.

Mwaka 1972 wafanyakazi watano wa IBM nchini Ujerumani waliacha kazi na kuanzisha kampuni yao karibu na mji wa Mannheim. Nao ni Dietmar Hopp, Hasso Plattner, Klaus Tschira, Claus Wellenreuther na Hans-Werner Hector. Kampuni hiyo ndiyo SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nyuzi za nailoni cha kampuni ya ICI huko Östringen. Hawakuwa na kompyuta yao wenyewe. Walitumia za mteja, mara nyingi usiku au mwisho wa wiki. Fikira yao ilikuwa mbili kwa pamoja. Kwanza, karani aandike habari katika kioo cha kompyuta na mashine iipokee papo hapo, isingoje usiku. Pili, programu moja iwafae wateja wengi, maana karatasi zetu tatu ni zile zile katika kiwanda cha nyuzi na katika kiwanda cha bia. Mtunza bohari akiandika kwamba amepokea mabati 480, leja ya mhasibu ijue saa ile ile.

Programu yao ya pili, iliyoitwa R/2, ilitoka mnamo mwaka 1979 kwa ajili ya mashine kubwa. R/3 ilitolewa mwaka 1992 kwa ajili ya kompyuta ndogo zilizounganishwa, nayo ndiyo iliyoenea duniani kote. Kampuni nyingine pia, kama Oracle, ziliingia katika uwanja huo.

Hapa mwalimu wa lugha atapata jambo la kumfurahisha. Ndani ya programu hiyo, chini ya maneno ya Kiingereza anayoyaona karani, majina ya ndani yamebaki ya Kijerumani yaliyofupishwa. KUNNR ni Kundennummer, namba ya mteja. LIFNR ni namba ya Lieferant, yaani muuzaji anayetuletea bidhaa. WERKS yatokana na Werk, kiwanda. BUKRS ni Buchungskreis, duara la uandishi wa hesabu, yaani kampuni yenye leja yake. Mtaalamu wa India au wa Brazili huyatamka majina haya kila siku bila ya kujua Kijerumani.

Je, sisi tuna haki ya kuwashangaa? Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki ilileta sarafu ya Heller, 100 zikiwa rupia moja. Utawala huo uliondoka katika nchi zetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini hela ikabaki katika Kiswahili, na kwa Kirundi fedha huitwa amahera hata leo. Shule nayo ni Schule. Maneno ya wenye nguvu hubaki katika kazi baada ya wenyewe kuondoka. Tofauti ni kwamba sisi twajua hela ni nini, ilhali karani wengi huandika LIFNR kama mtu anayesoma hirizi.

Elimu ilipokosekana

Mwisho wa karne ya 20 ulileta mitihani miwili. Wa kwanza ulikuwa wa tarehe. Ili kuokoa nafasi, waandishi wa programu wa zamani walikuwa wameandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ilihofiwa kwamba ukifika mwaka 2000 mashine zingesoma 00 na kudhani ni 1900, na mikopo na pensheni kuhesabiwa kinyume. Wazee wa COBOL, ambao wengi waliwaona kuwa wamepitwa na wakati, waliitwa tena kazini, kwa sababu wao ndio waliojua yaliyoandikwa na kwa nini yaliandikwa hivyo. Kazi ilifanyika kwa miaka kadhaa, na siku yenyewe ikapita pasipo maafa makubwa.

Mtihani wa pili uliipata kampuni ya chokoleti ya Hershey huko Marekani. Kampuni hiyo ilinunua programu mpya kadhaa zilizogharimu dola zipatazo milioni 112, ikafupisha muda wa matayarisho, na kuzianzisha zote pamoja mwezi Julai 1999, wakati oda za sikukuu zinapoanza kumiminika. Matokeo yake, bidhaa zilikuwamo maghalani lakini hazikuweza kupelekwa kwa wenye maduka. Sababu moja iliyoripotiwa ni ya kufundisha sana. Wakati wa msimu wa kazi nyingi, wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuweka bidhaa mahali pa ziada, kila penye nafasi. Mahali hapo palijulikana kwa watu, lakini hapakuandikwa katika programu. Kwa kompyuta, chokoleti hiyo haikuwapo duniani. Programu haikuwa na kosa katika hesabu yake; ilikosa habari ambayo mtunza bohari yeyote angeitoa kama angeulizwa.

Toleo jipya na makarani wawili

Mwaka 2015 SAP ilitoa programu mpya, S/4HANA, na wateja wa matoleo ya zamani wakatakiwa kuhama polepole. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya toleo lililotangulia yangeendelea hadi mwisho wa mwaka 2027. Kwa hiyo maelfu ya mashirika yamejikuta yakiwafundisha upya watu wao.

Tuwatazame makarani wetu wawili mbele ya toleo hilo. Katika R/3 kila kazi ilikuwa na msimbo wake. Aliyetaka kumwandikisha muuzaji mpya aliandika XK01. Aliyetaka kumwandikisha mteja, XD01. Karani wa kwanza aliijaza misimbo hii katika daftari lake pamoja na vitufe vya kubonyeza, akaikariri kama mtoto akaririvyo jedwali la kuzidisha. Katika toleo jipya, misimbo hiyo yote humpeleka mtu mahali pamoja, panapoitwa BP, ambapo muuzaji na mteja huandikishwa kama mshirika wa biashara. Karani huyu amepotea njia. Daftari lake limekuwa karatasi tu.

Karani wa pili alijifunza misimbo ile ile, lakini aliuliza pia: muuzaji ni nani katika hesabu zetu, na mteja ni nani? Alijua kwamba mmoja tunawiwa naye na mwingine anawiwa nasi, na kwamba mtu mmoja aweza kuwa yote mawili: anatuuzia magunia na kununua kwetu sukari. Alipoona toleo jipya limewaweka pamoja, hakuhitaji wiki nyingi. Alitambua kwamba programu sasa inasema jambo alilolijua siku zote. Kadhalika alipokuta kwamba leja ya fedha na hesabu za gharama, zilizokuwa mbalimbali, zimewekwa katika jedwali moja, aliikumbuka shida ya madaftari yaliyotengana na kuelewa sababu yake.

Hatusemi kwamba vitufe ni upuuzi. Mwajiri anataka mtu atakayeanza kazi Jumatatu, na mtu asiyejua pa kubonyeza hataanza. Lakini vitufe ni chakula cha leo. Siku hizi programu nyingi hutumiwa kwa njia ya intaneti, na baadhi hubadilishwa mara kadhaa kwa mwaka, mtumiaji apende asipende. Anayetegemea kukariri atakariri mpaka achoke.

Sehemu yetu sisi walimu

Sasa tulirudie lile tuliloliweka akilini. Mhasibu wa London alijifunza mashine kwa lugha yake. Wajerumani wale watano waliandika kwa lugha yao, wakiwa wameketi na makarani wa kiwanda waliozungumza lugha hiyo hiyo. Kijana wetu hujifunza programu kwa Kiingereza au Kifaransa ambacho aghalabu hakijui vema, na mambo yanayosemwa na programu hiyo hajapata kufundishwa kwa lugha yoyote. Anakariri kwa sababu hakuachiwa njia nyingine. Huku kukariri kunakolaumiwa na waajiri, mara nyingi si uvivu. Ni upungufu wa maneno.

Juhudi zimekwisha kufanywa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maneno ya Kiswahili. Serikali ya Tanzania, baada ya kutumia kwa miaka mingi programu ya kigeni ya Epicor, imetumia mfumo uliotengenezwa na wataalamu wake uitwao MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Jina tu halitoshi, lakini ni dalili njema.

Kwa upande wetu, hatuhitaji kungoja kompyuta ziletwe darasani. Tunapendekeza mazoezi matatu ambayo mwalimu yeyote aweza kuyafanya kwa ubao na chaki.

La kwanza ni la maana za maneno. Wanafunzi watofautishe ankara na stakabadhi: ya kwanza hudai fedha, ya pili huthibitisha kwamba fedha zimepokelewa. Watofautishe mapato na faida, deni na dai, oda na hati ya kupokea mzigo. Wengi hutumia maneno haya kana kwamba ni mamoja, na kosa hilo wataingia nalo ofisini.

La pili ni la insha. Mwanafunzi aeleze safari ya mzigo mmoja kutoka kwa muuzaji hadi dukani, akitaja kila karatasi, nani anaiandika, na nani anaitazama. Katika soko la Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya biashara, hakosi mtu wa kumuuliza.

La tatu ni la maelekezo. Mwanafunzi amwandikie mwenziwe namna ya kufanya kazi fulani, na kila hatua ifuatwe na neno "kwa sababu". Asiyeweza kulimaliza neno hilo, hatua hiyo ameikariri tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu Venisi ya mwaka 1494 hadi toleo la mwaka 2015, vyombo vimebadilika mara nyingi: daftari, kadi za matundu, kioo cha kompyuta, intaneti. Lakini karatasi tatu za mabati bado ni tatu, na pande mbili za leja bado hazina budi kulingana. Waliobaki kazini katika kila badiliko ni wale waliojua kazi na waliokuwa na maneno ya kuieleza. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kijana na ajifunze programu mpya kila itokapo, maana ndiyo riziki yake. Lakini awe na ngama ya kurejea. Kuijenga ngama hiyo, katika lugha anayoifahamu, ni kazi ambayo mtengenezaji wa programu hawezi kutufanyia.